Diski Nane, Hesabu Mbili

Miraa haina subira. Ikishachumwa Kangeta na kufungwa kwa majani ya mgomba, ina kama siku mbili tu kabla ya kupoteza nguvu, ndiyo maana pikapu zinazoteremka kwenda Nairobi huendeshwa kana kwamba zinafukuzwa. Pesa nazo hazilali. Mchumaji akiona neno "Imethibitishwa" kwenye simu yake, ajue kuna seva iliyokwisha kuandika malipo yake mahali. Kwa miaka kadhaa mahali hapo palikuwa Ujerumani, hadi seva za M-Pesa zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015.

Kuandika huko ndiko kunakoichosha seva. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Mkono wake lazima uhame, kisha usubiri sehemu inayotakiwa ifike chini yake. Kwa kazi za kurukaruka huku na huku, diski moja hufanya kama 80 tu kwa sekunde, hata iwe kubwa namna gani.

Mwaka 1988, Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipendekeza diski za bei nafuu zifanye kazi kwa kundi. Mpango huo ni RAID, na ubishi mwingi ni kati ya aina mbili. Katika RAID 10 kila diski ina pacha wake. RAID 5 haina pacha: hutawanya hesabu maalumu ambayo, diski moja ikifa, hurudisha kilichopotea. Mhasibu huipenda hii ya pili, kwa sababu diski nane za terabaiti moja humpa terabaiti saba; RAID 10 humpa nne.

Sasa mchumaji mwenye salio la shilingi 3,000 aongezwe 500. RAID 5 husoma salio la zamani, husoma hesabu ya zamani, huandika salio jipya, kisha huandika hesabu mpya. Kazi nne kwa malipo mamoja! RAID 10 huandika mara mbili, basi. Diski zile nane zina kazi 640 kwa sekunde: RAID 5 itaandika mara 160, RAID 10 mara 320. Kwa hifadhidata yenye shughuli nyingi, terabaiti tatu zilizookolewa ni hasara.

Logi ya miamala nayo ipewe jozi yake ya diski. Huandikwa mfululizo, mkono hauna haja ya kurukaruka. Diski za SSD hazina mkono wala mzunguko, nazo hufanya maelfu ya kazi kwa sekunde, ila zile hatua nne za RAID 5 hubaki nne. RAID 5 iachiwe kumbukumbu za zamani, zinazosomwa zaidi kuliko kuandikwa.

Na nakala ya akiba iwekwe kwingine kabisa. Karani akifuta akaunti kimakosa, diski pacha nayo huifuta papo hapo.