Chumvi Inavyoila Nondo Ndani ya Zege

Nondo iliyofukiwa ndani ya zege hulindwa na zege lenyewe, kwa kuwa saruji inapochanganywa na maji hutoa alkali, yaani hali iliyo kinyume cha asidi, yenye kipimo cha pH kinachokaribia 13, nayo hujenga juu ya chuma utando mwembamba sana unaozuia kutu. Adui wa utando huo ni kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi ya kawaida. Hupenya polepole katika vinyweleo vya zege pamoja na maji au, jambo la kusikitisha zaidi, huingizwa na mjenzi mwenyewe anapotumia mchanga wa ufukweni usiooshwa. Ikizidi kiasi, hutoboa utando mahali padogo, na hapo chuma huliwa kwa kasi, hata nondo ikaweza kukonda vibaya kabla ya nje kuonekana ufa wowote. Baadaye kutu, inayochukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, hulipasua zege.

Kinga iliyo rahisi kuliko zote, na inayopuuzwa mno, ni unene wa zege linaloifunika nondo, kwa sababu unene huo ukiongezwa kutoka milimita 25 hadi 50, muda wa kloridi kukifikia chuma huongezeka takriban mara 4. Unene huo hutegemea vitofali vidogo vya saruji vinavyoitenga nondo na mbao za fomu. Visipowekwa, nondo hulala juu ya ubao na kubaki karibu uchi. Zege nalo halina budi kuwa na maji machache, kushindiliwa vyema na kumwagiliwa kwa siku zisizopungua 7.

Katika gati la Progreso nchini Meksiko, lililokamilika mwaka 1941, zilitumika nondo za chuma cha pua, na gati hilo bado limesimama, ilhali jirani yake lililojengwa baadaye kwa nondo za kawaida limekwisha kuporomoka baharini. Chuma hicho ni ghali, lakini chaweza kutumika katika sehemu zinazopigwa na mawimbi peke yake.

Kuziba ufa kwa plasta hakuponyi, kwani kloridi hubaki katika zege la kando, na kutu huanza upya pembezoni mwa kiraka. Zege lenye chumvi hukatwa mpaka nyuma ya nondo, au nondo hupitishiwa mkondo mdogo wa umeme unaozuia ulikaji, mbinu iliyojaribiwa kwenye daraja huko California mwaka 1973, na mkondo huo hauna budi kuendelea muda wote jengo linapotumika.