Mbele ya kuuza lupango juu ya doktora ya mutoto, uliza kwanza anataka mulango gani

Siku moja jiwe kubwa lilianguka mu shimo pa kazi yetu. Mutu mmoja akakufa, wane wakatoka wazima. Kisha maziko, wale wane wakapewa siku chache za kupumuzika na dawa ya kichwa. Mmoja wao, kila akikaribia lifti ya kushuka chini, mikono inatetemeka. Shefu wake akasema: "Huyu iko muvivu." Sisi wa sendika tukauliza: nani atatunza mawazo ya huyu mutu? Tukajibiwa kwamba munganga wa kampuni iko wa malaria na wa mifupa.

Binti ya huyo kamarade aliona baba yake akikosa usingizi. Sasa anataka kusomea sikolojia ya kliniki, ni kusema kazi ya kusikiliza na kutunza watu walioumia mu mawazo. Akaniambia: "Papa mudogo, wanasema inaomba doktora. Papa atatoa wapi franga?" Kumbe baba yake alikuwa amekwisha kuanza kutafuta mutu wa kununua lupango.

Miye nilifika ku diplome ya Leta tu. Lakini mu sendika tunafundishana kusoma kontra mbele ya kutia mukono. Njo nikaenda kuuliza walimu wa universite. Haya ndiyo niliyorudisha.

Kwetu Kongo

Zamani mutu alifanya gradua miaka 3, lisansi miaka 2, kisha DEA, na nyuma yake doktora. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mupango wa LMD, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 universite zilianza kuufuata: lisansi miaka 3, masta miaka 2, doktora miaka 3 ao zaidi. Wazazi, muangalie: lisansi ya zamani ilikuwa miaka 5 ya masomo, ya leo ni 3. Jina ni moja, uzito si mmoja. Lisansi ya leo peke yake haifikishi mutu ku doktora. Inapashwa kupita ku masta.

Na mwenye masta haingii tu juu amelipa. Anapashwa kuwa na alama nzuri, na ulizo la utafiti ambalo amelifikiri na kuliandika vizuri. Tena anapashwa kupata promotere, ni kusema profesere anayekubali kumuongoza. Bila promotere, hakuna teze. Franga inakuja nyuma ya hayo, hapana mbele.

Ubelgiji na Ufaransa

Kule pia doktora inaomba masta, mupango wa utafiti na profesere wa kuongoza. Ku Ubelgiji, mu universite za Kifaransa, masta inapashwa kuwa ya krediti 120. Lakini sikilizeni vizuri: kwa kutunza wagonjwa, hawaombi doktora. Ufaransa inalinda jina la mwanasikolojia kwa sheria tangu 1985, na njia yake ni lisansi na masta ya sikolojia, pamoja na staji. Ubelgiji, tangu 2016, inahesabu mwanasikolojia wa kliniki kati ya mafundi wa afya. Anasoma miaka 5, kisha anafanya mwaka mmoja wa kazi chini ya macho ya mwenye kuzoea. Doktora ni ya mwenye kutaka kufanya utafiti ao kufundisha universite.

Marekani ni kinyume

Pengine neno la doktora lilitoka kule. Marekani, karibu kila jimbo linaomba doktora mbele ya kuacha mwanasikolojia afanye kazi peke yake. Kuko aina mbili. PhD inaunganisha utafiti na matunzo. Mupango huo ulikubaliwa ku mukutano wa Boulder mwaka 1949. PsyD inakaza zaidi matunzo, nayo ilitiwa nguvu ku mukutano wa Vail mwaka 1973.

Mara nyingi mutu anaweza kuomba PhD akiwa na diplome ya miaka 4 tu, bila masta. Lakini wanaangalia kama alisoma takwimu, kama alisaidia profesere mu utafiti, na kama kuko watu watatu wanaomujua wa kumuandikia barua. Mutu wa kwetu anaongeza mutihani wa Kiingereza. Masomo yanachukua karibu miaka 5 mpaka 7, na ndani yake mwaka muzima wa staji. PhD nyingi zinasamehe malipo ya masomo na kumupa mwanafunzi posho, njo maana nafasi ni chache sana. PsyD, mara nyingi mutu anajilipia, na bei iko juu. Yule anayekuambia "lipa kwanza, utaingia", muulize anasema ya gani.

Sasa tufanye nini?

Nilirudi kwa kamarade, tukakaa pa kivuli na binti yake. Nikamuuliza: "Mwanangu, unataka kuandika kitabu juu ya ugonjwa, ao unataka kukaa na mugonjwa?" Akaangalia baba yake, akajibu: "Kukaa naye, Papa mudogo." Basi mulango wake ni masta na staji nzuri, hapa kwetu. Kama kisha ulizo la utafiti linamukamata, doktora itakuwa palepale, na atakuwa amekwisha kujua kazi.

Lupango halikuuzwa. Binti iko mwaka wa pili ya lisansi.

Kubakia kazi yetu sisi. Staji inaomba mahali pa kuifanyia. Tumeandika mu maombi ya sendika kwamba hopitali ya kampuni ipokee wanafunzi wa sikolojia, na mwanasikolojia mmoja wa kontra wa kuwaongoza. Mpaka leo hatujapata jibu. Na baba ya mutoto, kila asubui, anaingia mu lifti akishika chuma kwa mikono miwili.