Kwa nini saa ndiyo mfalme katika ziara ya basi Ulaya

SAA moja unusu asubuhi. Nje ya hoteli moja viungani mwa mji wa Lucerne, Uswisi, basi la watalii linanguruma taratibu huku masanduku yakiwa yameshapakiwa tumboni mwake. Viti vyote vimejaa isipokuwa viwili. Wenyewe wangali mezani wakimalizia kahawa, na kiongozi wa msafara ameshatazama saa yake mara tatu.

Kwa msafiri aliyelipia ziara hiyo kwa akiba ya miaka mingi, haraka ya aina hii huudhi. Hakuvuka bahari, atasema, ili aje kupigiwa kengele kama mwanafunzi wa shule ya bweni. Lalamiko hilo ni la kawaida miongoni mwa watu wanaozuru bara Ulaya kwa basi.

Hata hivyo, ukiifuatilia siku yenyewe tangu asubuhi hadi usiku, utaona kwamba haraka hiyo haitokani na ukali wa kiongozi. Inatokana na sheria inayomkinga dereva dhidi ya uchovu na, kupitia kwake, kuwalinda abiria wote walioketi nyuma yake.

Chukua mfano wa siku inayoanzia Lucerne na kuishia Como, kaskazini mwa Italia. Asubuhi ni mlima Titlis, adhuhuri ni mji wa Lucerne, na alasiri ni safari ya yapata kilomita 200 kuelekea kusini, ikipita chini ya milima ya Alps kwa handaki la Gotthard. Kwenye karatasi ya ratiba siku hiyo huonekana nyepesi, kwani dereva haendeshi hata kwa saa sita. Mbona basi dakika zihesabiwe?

Kifaa kisichosahau

Jibu limo ndani ya kifaa kidogo kilichofungwa karibu na usukani, kiitwacho takografu. Kila dereva ana kadi yake, mithili ya ile ya benki, ambayo huitia humo anapoanza kazi. Tangu hapo kifaa hurekodi mwendo wa gari, muda wa kuendesha, muda wa kazi nyingine na muda wa mapumziko.

Polisi wa barabarani wanaweza kulisimamisha basi na kuisoma rekodi hiyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwisho wa 2024, dereva hutakiwa kuonyesha rekodi za siku 56 zilizotangulia.

Sheria za umoja huo zilizoanza kutumika Aprili 2007 zinasema kwamba dereva asiendeshe zaidi ya saa tisa kwa siku, ingawa anaruhusiwa kufikisha saa 10 mara mbili kwa wiki. Akishaendesha kwa saa nne na nusu, lazima awe amepumzika kwa jumla ya dakika 45. Uswisi si mwanachama wa umoja huo, lakini safari za kimataifa zinazopita humo hufuata kanuni zinazolingana na hizo.

Abiria wengi hukomea hapo, wakidhani kwamba maadamu dereva hajafikisha saa tisa za kuendesha, mambo ni shwari. Kanuni wasiyoijua ndiyo inayowabana zaidi. Katika kila saa 24 tangu dereva aanze kazi, ni sharti apate mapumziko ya saa 11 mfululizo.

Ukitoa 11 katika 24, zinabaki 13. Ndani ya saa hizo 13 hamna kuendesha pekee. Mna kukagua magurudumu, kupakia masanduku na hata kukaa kwenye maegesho akisubiri watalii washuke mlimani.

Hivyo basi, dereva aliyeanza kukagua gari saa moja asubuhi anapaswa kuwa amemaliza kazi zote ifikapo saa mbili usiku. Sheria inamruhusu kupunguza mapumziko hadi saa tisa, yaani afanye kazi hadi saa nne usiku, lakini asifanye hivyo zaidi ya mara tatu kabla ya pumziko lake la kila wiki. Katika ziara ya siku nyingi, akiba hiyo huisha upesi.

Fauka ya hayo, kuchelewa kuondoka kesho yake hakufuti kosa la leo, kwa sababu mapumziko hutakiwa yakamilike ndani ya zile saa 24.

Asubuhi juu ya barafu

Kutoka Lucerne hadi Engelberg ni mwendo mfupi, chini ya kilomita 40. Engelberg uko yapata mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ulikua kando ya makao ya watawa wa Kibenedikto yaliyoasisiwa mnamo 1120. Makao hayo yangalipo, ila wageni wengi huyapita bila kugeuza shingo, macho yao yakiwa kileleni.

Hapo watalii huingia vigari vidogo vinavyoning'inia kwenye nyaya. Huvuka malisho na kituo kilicho kando ya ziwa dogo la Trübsee, kisha hubadilisha chombo na kupanda Rotair, chumba cha duara kinachojizungusha polepole kinapopaa ili kila mtu aone pande zote bila kubanduka alipo. Kilipoanza kazi Desemba 1992, kilikuwa cha kwanza cha aina yake duniani.

Kituo cha juu kiko kwenye mita 3,020. Kwa Mkenya huo si urefu wa kutisha, kwani kilele cha Point Lenana katika Mlima Kenya kina mita 4,985. Tofauti ni kwamba anayekwenda Lenana hupanda kwa miguu kwa siku kadhaa, na mwili wake hupata fursa ya kuzoea. Huku Titlis, mtu hupandishwa mita 2,000 kwa muda usiofika saa moja.

Hewa huko juu ni nyepesi, na si ajabu kwa mgeni kuhisi kizunguzungu au kuumwa na kichwa. Yafaa atembee polepole, anywe maji, na ashuke mapema iwapo hali itamzidia.

Anayetaka kuupima moyo wake huelekea kwenye daraja la kuning'inia liitwalo Cliff Walk, lililofunguliwa Desemba 2012. Lina urefu wa mita 100 na upana wa mita moja tu, na chini yake ni genge la takriban mita 500. Hapa ndipo ratiba huanza kuvuja. Mmoja husita akarudi nyuma, mwingine husimama katikati kupigwa picha, na foleni hurefuka.

Wengine hukawia katika pango lililochongwa ndani ya barafu ya kudumu. Barafu yenyewe inayeyuka. Kila msimu wa joto sehemu zake hufunikwa kwa vitambaa vyeupe ili kupunguza makali ya jua. Kwa jumla, barafu za milima ya Uswisi zilipoteza yapata asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka ya 2022 na 2023 pekee.

Msomaji anayejua masaibu ya barafu za Mlima Kenya ataelewa kwa nini mtalii huona uzito kuondoka. Anachokitazama huenda mjukuu wake asikikute.

Adhuhuri ya saa mbili

Inapofika saa saba mchana, basi huwashusha abiria katikati ya Lucerne na kwenda kuegeshwa kwingine. Wana saa mbili na nusu za kula, kununua zawadi na kuona mji. Fedha ya hapa ni faranga ya Uswisi, si euro, na asiyelijua hilo hupoteza dakika zake za kwanza akitafuta mahali pa kubadilisha noti.

Mambo mawili hayakosekani. La kwanza ni Kapellbrücke, daraja la mbao lililoezekwa paa, lenye urefu wa zaidi ya mita 200 na asili yake katika karne ya 14. Chini ya paa lake zilitundikwa picha zilizochorwa katika karne ya 17. Usiku wa Agosti 18, 1993, moto uliteketeza sehemu kubwa ya daraja hilo na nyingi za picha hizo. Lilijengwa upya na kufunguliwa Aprili 1994, yaani katika muda wa miezi minane hivi.

La pili ni sanamu ya simba anayekata roho, iliyochongwa kwenye mwamba kati ya 1820 na 1821 kwa kufuata muundo wa msanii wa Denmark, Bertel Thorvaldsen. Ni ukumbusho wa askari wa Uswisi waliouawa Agosti 10, 1792 wakilinda kasri ya mfalme wa Ufaransa jijini Paris. Asiyeelezwa historia hiyo huona jiwe tu. Hii ndiyo faida ya kufika mapema na kumsikiliza kiongozi.

Kupenya chini ya Alps

Saa tisa unusu alasiri basi hushika barabara ya kusini. Milima huzidi kukaribiana, na hatimaye barabara humezwa na mwamba. Handaki la magari la Gotthard lilifunguliwa Septemba 1980 na lina urefu wa kilomita 16.9. Kabla ya hapo, magari yalipanda hadi kwenye mapito ya juu yenye mita 2,106, ambayo hufungwa kwa theluji msimu wa baridi.

Handaki hilo lilijengwa likiwa na njia moja kwenda na moja kurudi, bila ukuta kati yake. Oktoba 24, 2001, malori mawili yaligongana humo na kuzua moto uliowaua watu 11. Handaki lilifungwa kwa takriban miezi miwili, na baadaye idadi ya malori yanayoingia kwa wakati mmoja ikaanza kudhibitiwa. Kazi ya kuchimba handaki la pili kando ya la kwanza ilianza 2021.

Msongamano ni jambo la kutarajiwa. Wakati wa Pasaka na likizo za kiangazi, foleni ya kuingia inaweza kuzidi kilomita 10, na basi la watalii halina njia yake maalumu. Likishaingia, huchukua kama robo saa kutokea upande wa pili. Huko lugha ya mabango imegeuka kutoka Kijerumani kuwa Kiitaliano na, mara nyingi, mawingu yaliyoachwa kaskazini yamegeuka kuwa jua.

Mpakani Chiasso hakuna ukaguzi wa kawaida wa pasipoti, kwani Uswisi ilianza kutekeleza mkataba wa Schengen Desemba 2008. Hata hivyo, maafisa wanaweza kulisimamisha gari lolote, hivyo pasipoti haifai kufungiwa katika sanduku lililo tumboni mwa basi. Mkenya mwenye viza ya Schengen hahitaji nyingine kutoka Uswisi kuingia Italia. Uingereza ina viza yake yenyewe, na anayekwenda huko kisha arudi bara anahitaji viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja.

Hesabu ya dakika ishirini

Sasa turudi kwa wale wawili waliokuwa wakinywa kahawa. Ratiba ilikadiria basi lifike Como saa moja usiku, ikiwemo nusu saa ya kusimama njiani. Dereva alianza kazi saa moja asubuhi, kwa hivyo mwisho wake ni saa mbili usiku. Kati ya kufika na kikomo chake mna saa moja pekee, na ndani ya saa hiyo ni lazima ashushe masanduku na kuliegesha gari.

Kahawa ya asubuhi imekula dakika 20. Picha za darajani Titlis zimekula 20 nyingine. Duka la saa mjini Lucerne limekula 20 za tatu. Saa nzima imekwisha kabla basi halijaiona foleni ya Gotthard, na hakuna mtu anayehisi kwamba amekosa, kwa kuwa kila mmoja alichelewa "kidogo tu".

Kiongozi hubaki na njia tatu: kufuta jambo fulani katika ratiba, kutumia mojawapo ya zile nafasi tatu za dereva, au kumtaka dereva avunje sheria. Kampuni yenye busara haichagui la tatu. Ndiyo maana wanaofika kwa wakati huona Simba akifutwa kwenye ratiba kwa makosa ya wengine.

Mkenya hana sababu ya kuistaajabia sheria hii. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kupitia marekebisho ya 2012, inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Ugumu umekuwa katika utekelezaji, kwani usingizi wa dereva hauonekani kwa macho mpaka gari limetoka barabarani. Kifaa kinachonakili kila dakika huuweka uchovu huo kwenye rekodi kabla haujaleta maafa.

Anayepanga ziara kama hii basi na asome ratiba kwa jicho la dereva. Siku yenye vituo vitatu na kilomita 250 ni siku iliyojaa. Iwapo kampuni inaahidi vituo sita na kilomita 600 kwa siku moja, msafiri ana haki ya kuuliza iwapo kuna dereva wa pili. Akishapanda basi, na aiweke saa yake sawa na ya kiongozi, ajue mahali pa kukutania kabla ya kushuka, na amalize kahawa mapema.

Saa moja na dakika 50 usiku, sanduku la mwisho hushushwa mbele ya hoteli Como. Dereva huegesha, huzima injini na kuichomoa kadi yake. Kuanzia dakika hiyo saa 11 zake zinahesabiwa, na abiria wake wanaweza kulala bila wasiwasi kuhusu kesho.