Mwenzetu Aliyelemewa na Mawazo Naye Abebwe



Sisi tuliokulia katika vilima vya huku Gisenyi tunaijua ingobyi. Ni ile machela ya kusuka ambayo wanaume huibeba mabegani kumpeleka mgonjwa kwa muganga. Zamani majirani walikuwa na chama chao cha ingobyi. Mtu akizidiwa usiku, hapana aliyeuliza kama anajisingizia. Walimlaza, wakambeba kwa zamu, na aliyechoka alipokewa na mwenzake mpaka wakafika.

Siku hizi gari la hospitali lipo. Lakini tunao wagonjwa ambao mpaka leo hatuwabebi, nao ni wale wanaoumwa mawazo. Mguu ukivunjika tunakimbia wote. Moyo ukivunjika tunasema: jikaze. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo hili, na kwanza tukiri kosa letu wenyewe.

Wengi wenu mnaukumbuka usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika. Katika nchi nzima walikufa watu zaidi ya 130, na wilaya yetu ya Rubavu ni mojawapo ya zilizoumia sana. Nyumba zilikwenda na maji, na watu wengi wakalala kambini. Miaka miwili kabla, Mei 2021, tulikuwa tumetetemeshwa na ardhi baada ya Nyiragongo kulipuka. Ukaongezea kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, utaona mizigo tuliyo nayo. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika kila watu 100, watu 12 walikuwa na sonona, yaani ile huzuni nzito isiyomwachia mtu nafasi. Kwa manusura wa mauaji ya kimbari walikuwa 35.

Mwenzetu mmoja, mama mchuma chai, nyumba yake ilichukuliwa na Sebeya. Watoto walipona. Baada ya majuma mawili alirudi shambani, nasi tukafurahi. Lakini kikapu chake hakikujaa kama zamani, na mnajua kwamba mchuma chai hulipwa kwa kilo. Kilo zikashuka, mshahara ukashuka, kapita akagomba. Kisha akawa haji. Huku wakasema amekuwa mvivu, huku wakasema amerogwa.

Sisi wa kamati tulikwenda kumwona mara moja. Tulibeba sukari na sabuni, tukatoa hotuba ndefu juu ya ushujaa, tukaondoka. Hatukurudi kwa muda wa miezi miwili. Hayo ndiyo makosa yetu. Je, nani alipata kusikia ingobyi iliyobebwa hatua kumi, kisha ikaachwa njiani?

Tuliporudi safari ya pili hatukutoa hotuba. Tuliuliza na kunyamaza. Mama akatuambia: “Mvua ikianza, masikio yangu yanakwenda mtoni. Nakesha nikisikiliza. Asubuhi sina mikono.”

Basi tukaelewa kwamba ugonjwa wake ulikuwa na saa zake. Ulianza usiku wa mvua, ukamaliza usingizi, ukaharibu asubuhi, na mwisho ukaingia katika kikapu na mshahara. Tukaona kwamba msaada nao hauna budi kufuata saa hizo hizo.

Kwanza tulimsindikiza kituo cha afya. Muuguzi alimsikiliza, akampa karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya, ambako ipo huduma ya afya ya akili. Alipewa dawa na siku ya kurudi. Hapa tuseme wazi: mazungumzo ya majirani hayachukui nafasi ya muganga, na dawa haichukui nafasi ya majirani.

Pili, usiku. Akina mama watatu walipeana zamu: mvua ikinyesha, mmoja anakwenda kulala kwake. Hapakuwa na la ziada, ila kuwapo mtu mwingine ndani anayepumua.

Tatu, asubuhi. Wenzake wawili walipita mlangoni kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hawakuuliza kama amepona. Walisema: “Twende.” Siku aliyoshindwa, walimwambia aamke tu, anawe uso, akoroge uji na watoto. Kuamka saa ile ile, kunawa, kula na kutoka nje penye mwanga ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayourudishia mwili kipimo chake cha usiku na mchana. Mtu akilala mchana kutwa, usiku hauna usingizi wa kumpa.

Nne, kazi. Tuliongea na kapita ampe mstari kati ya rafiki zake, aanze na nusu siku. Na katika ikimina, ile akiba yetu ya mzunguko, wenzake walikubali asichangie kwa zamu mbili bila kupoteza nafasi yake. Maana deni nalo huiba usingizi.

Tusiwadanganye kwamba njia ilikuwa nyoofu. Alipojisikia nafuu aliacha dawa bila kuuliza, na baada ya muda akaanguka tena. Baadhi yetu walikata tamaa wakasema kazi yote imekuwa bure. Haikuwa bure. Mara hii wale wawili wa mlangoni waliona dalili mapema, na safari ya hospitali ilifanyika katika wiki ile ile. Ndugu, dawa hizi zisikatwe ila kwa neno la muganga. Na kuanguka tena si aibu, ni sehemu ya ugonjwa.

Kwa wanaume tuna neno la pekee. Wengi wetu tukilemewa tunakwenda kwenye pombe. Chupa inaleta usingizi wa saa mbili, kisha inakuamsha usiku wa manane na mawazo mara mbili. Tena inakula mshahara. Badala yake, baada ya zamu, tembea na mwenzako mpaka ufukoni mwa Kivu na kurudi. Wengine ulimi hulegea miguu ikitembea.

Wala hili la kubebana si jambo la kubuni kwetu. Mwaka 2005 huko Byumba, kaskazini mwa nchi, kulianzishwa vikundi vinavyoitwa Mvura Nkuvure, maana yake “niponye nikuponye”. Watu 10 hadi 15 hukutana mara moja kwa juma, kwa majuma 15. Huanza kwa kujenga usalama, halafu kuaminiana, kujaliana na kuheshimiana, ndipo wafike kwenye mwelekeo mpya wa maisha na kumbukumbu zenye uchungu. Angalieni mpango huo: jeraha haliguswi siku ya kwanza. Kwa hiyo tusimlazimishe mwenzetu asimulie yote. Tukae naye, atasema atakapokuwa tayari.

Jambo hili ni la chama pia, si la huruma peke yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Mwaka huo huo, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliyaweka mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za kazini. Na sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66 ya mwaka 2018, inatambua likizo ya ugonjwa. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Apate karatasi ya muganga anayetambuliwa, na mjumbe wa chama aifikishe ofisini mapema, kabla jina lake halijakatwa.

Tunaomba kila tawi lifanye haya:

1. Mwenzenu asipoonekana siku tatu, watu wawili waende nyumbani kwake. Waulize, wasihukumu.

2. Wapangwe watu wa zamu: wa asubuhi, wa usiku, na wa kumkumbusha siku ya hospitali. Mzigo usimwangukie mmoja, maana naye atachoka.

3. Bima yake ya mutuelle iangaliwe isiwe imekwisha.

4. Akisema maisha hayana maana au anataka kufa, asiachwe peke yake hata dakika moja. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Mama yule yupo kazini. Hatusemi amepona kabisa. Mvua kubwa bado inamwamsha. Lakini katika masika iliyopita, mwenzetu mwingine alipofiwa na mume, tulisikia kwamba usiku yupo mtu anayekwenda kulala kwake. Tulipouliza ni nani, tukaambiwa ni yeye.

Ndugu, leo unabebwa, kesho unabeba. Ndiyo sheria ya ingobyi, na ndiyo sheria ya chama. Umoja ni nguvu.