Kopo la oili: Kifaa kidogo kinachoamua uhai wa mashine ya fundi

Na Mwandishi Wetu

FUNDI anayeanzisha karakana ndogo nyuma ya nyumba yake hutumia muda mrefu kutafuta mashine. Hupita Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, hulinganisha bei, huuliza habari za mota na beringi, na pengine hukopa fedha ili apate mashine ya kuchonga vyuma iliyokwishatumika.

Mashine ikifika nyumbani, huilainisha kwa chupa ya maji ya kunywa ambayo kizibo chake kimetobolewa kwa msumari.

Hapo ndipo hasara inapoanzia, na kwa bahati mbaya hasara hiyo haionekani siku ile ile. Chupa ya namna hiyo humwaga oili nyingi juu ya mashine, lakini sehemu kubwa haifiki inakotakiwa. Mashine huonekana imelowa huku shafti iliyo ndani ikizunguka pakavu.

Miezi kadhaa baadaye fundi hugundua kwamba kipuri alichokichonga hakitoki duara kamili, au mashine ya kutoboa inacheza na tundu linatoka pana kuliko ukubwa wa keekee. Mteja aliyerudishiwa kazi mbovu haulizi habari za oili. Huhamia kwa fundi mwingine.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kopo la kutilia oili, kifaa ambacho bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya mashine inayolindwa nacho.

Kwanza ni vyema kujua kama mashine yako inahitaji kopo lenyewe. Grainda na drili za mkononi, pamoja na mota nyingi za umeme za siku hizi, zina beringi zilizofungwa ambazo hutiwa grisi kiwandani. Kuzidondoshea oili hakuzisaidii, na oili ikipenya ndani ya mota huweza kuharibu nyaya zake.

Mashine zinazotegemea mkono wa mwenye nazo ni cherehani, mashine za kuchonga vyuma, mashine nyingi za kutoboa za zamani, na zile zenye reli ambazo sehemu nyingine ya mashine huteleza juu yake.

Makopo yanayopatikana madukani yapo ya aina kuu mbili. Lipo la kubonyeza kitako, ambalo chini yake kuna bati jembamba linalobonyea na kurudi kwa mlio ambao kila aliyekulia jirani na fundi cherehani anaufahamu. Na lipo la pampu, lenye mkono wa kubana kwa vidole kama breki ya baiskeli.

Kopo la kubonyeza kitako halina mengi ya kuharibika. Hutoa tone moja moja, na kwa kazi ya cherehani sioni sababu ya kutafuta jingine. Udhaifu wake ni kwamba lazima liinamishwe ndipo litoe oili, na halina nguvu ya kuisukuma mahali penye kizuizi.

Kizuizi hicho ndicho kinachowasumbua wengi. Mashine nyingi za kuchonga vyuma hazina matundu ya oili yaliyo wazi. Kwenye kila tundu kuna gololi ndogo inayosukumwa na springi kutoka ndani ili kuzuia vumbi na chembe za chuma. Oili haiingii mpaka gololi hiyo ibonyezwe, na ikishabonyezwa oili hupita pembeni mwake.

Ukidondosha oili juu ya gololi kwa chupa, itateleza na kuchuruzika ubavuni mwa mashine. Ukiisukuma gololi kwa ncha kali kama sindano, unaweza kuikwamisha ndani, na tangu siku hiyo tundu likawa mlango wa uchafu.

Linalofaa hapo ni kopo la pampu ambalo ncha ya mdomo wake ni ngumu, imekatwa sawasawa, na ni pana kidogo kuliko gololi. Mdomo hukandamizwa juu ya tundu mpaka uzibe pande zote, gololi ibonyee, kisha pampu ibanwe. Oili ikirudi juu pembeni mwa mdomo, ujue haikuingia yote. Ncha hailingani na tundu.

Kwa sababu hiyo, anayekwenda dukani angefanya vyema kupima kwanza upana wa matundu ya mashine yake. Mafundi wengine huchonga ncha yao wenyewe kwa kipande cha shaba na kuifunga kwenye mdomo wa kopo. Mwenye mashine ya kuchonga hana sababu ya kushindwa na kazi hiyo.

Kuhusu mdomo wenyewe, upo wa bomba gumu na upo unaopinda. Wauzaji husifu zaidi ule unaopinda kwa kuwa hufika kwenye kona. Ni kweli hufika, lakini ukiukandamiza juu ya gololi hujikunja na kukukimbia, na utahitaji mkono wa pili kuushika. Kwa mashine ya kuchonga vyuma, mdomo mgumu wenye urefu wa kutosha ndio bora. Unaopinda ubaki kwa bawaba na mahali pasipohitaji nguvu.

Kipimo nacho si jambo la kupuuza. Pampu nyingi, mkono ukibanwa mpaka mwisho, hutoa takriban mililita 1, yaani zaidi ya matone 20. Kiasi hicho ni halali kwa reli za mashine kubwa, lakini kwa cherehani ni mafuriko, na kitakachofuata ni madoa kwenye gauni la mteja.

Ukubwa wa kopo usikutishe wala usikuvutie. Kwa karakana ya nyumbani, kopo la mililita 200 hadi 300 linatosha. Kubwa zaidi huchosha mkono, na oili hukaa humo muda mrefu ikikusanya vumbi na unyevu. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hutuama chini, na pampu hunyonya kutoka chini. Tone la kwanza linaloingia kwenye beringi linaweza kuwa la maji.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji atie oili kidogo na ujaribu. Pampu mpya huhitaji kubanwa mara kadhaa kabla haijatoa kitu, kwa kuwa bomba lake limejaa hewa. Wengi hulirudisha kopo zima wakidhani ni bovu.

Aidha, likitoa oili mara chache kisha likagoma, legeza kifuniko kidogo. Likiendelea kufanya kazi, tatizo ni kwamba hewa haikuwa na njia ya kuingia kushika nafasi ya oili iliyotoka. Tazama pia maungio ya bati. Palipolehemewa vibaya patavuja, hata kama dukani palionekana pakavu.

Kuna uvujaji ambao hauna uhusiano na ubovu. Kopo likiachwa juani au chini ya paa la bati saa za mchana, hewa iliyo ndani hutanuka na kuisukuma oili kupitia mdomoni. Mwandishi wa makala haya aliwahi kulilaumu kopo lake kwa wiki nzima, akalifunga kwa utepe, akakaribia kulitupa, kabla ya kugundua kwamba lilikuwa linavuja mchana tu. Lilipohamishiwa kivulini juu ya kisahani, likatulia.

Suala la oili ya kutia ndani ya kopo lingehitaji makala yake, lakini haliwezi kuachwa kabisa. Kilainishi cha mashine hutambulika kwa namba inayofuata herufi ISO VG, inayoonyesha uzito wa mtiririko wake kwenye nyuzijoto 40 za Sentigredi. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo oili inavyokuwa nzito.

Mashine nyingi ndogo za kuchonga hutumia namba 32 kwenye shafti kuu na 68 kwenye reli, ingawa kitabu cha mashine husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Hivyo mwenye mashine ya namna hiyo anahitaji makopo mawili, kila moja likiwa na maandishi yasiyofutika. Kuyachanganya ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa oili zote hufanana gizani.

Mafuta ya kupikia hayafai kabisa. Ya alizeti hukauka polepole na kuwa gundi, na cherehani iliyolainishwa kwa mafuta hayo huwa nzito mpaka isafishwe. Ya nazi huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo ambalo kwa asubuhi za Arusha au Iringa si la kushangaza.

Hatari zaidi ni oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari, ambayo hutumiwa kwa kuwa hupatikana bure au kwa bei ya kutupa. Oili hiyo hubeba masizi na chembe za chuma, na mwenye kuitia kwenye mashine anazipeleka chembe hizo hadi ndani ya beringi. Kiafya, oili ya injini iliyotumika imeonekana kusababisha saratani ya ngozi kwa panya wa maabara, na fundi huishika kwa mikono mitupu kila siku.

Jambo jingine ni vumbi la jiwe la grainda. Likiangukia kwenye reli yenye oili, mchanganyiko huo hufanya kazi ya msasa. Kwa hiyo futa kwanza kwa kitambaa, tia oili, endesha sehemu husika mbele na nyuma, kisha ufute ile iliyozidi. Mashine iwe imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme. Mdomo mrefu wa kopo ukinaswa na shafti inayozunguka huvuta na mkono ulioushika.

Kwa wale watakaoendelea na chupa ya maji kwa sababu yoyote ile, angalau waiondolee lebo, waandike jina la oili iliyomo na kuiweka juu, mbali na watoto. Karakana ya nyumbani ina watoto wanaopita na kiu, na mafuta ya cherehani hayana rangi.