Ndege wa nchi kavu aliyepanda kwenye nembo

Mwezi uliopita tuliwaambia watoto wa darasa la tano wachore nembo ya nchi yoyote wanayoijua. Wengi walileta chui wa Kongo, wengine simba wa Burundi, kwa sababu ndiyo wanayoyaona kwenye karatasi za wakubwa. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, na kule jangwani wanachora nini? Si hakuna kitu?"

Kitu kipo. Sudani, nchi iliyo na jangwa kubwa, ilipopata uhuru 1956 iliweka kifaru kwenye nembo yake. Baadaye, miaka ya Nimeiri, kifaru akatolewa, akawekwa ndege anayeitwa karani tamba, amebeba ngao kifuani. Afrika Kusini nao walimweka juu ya nembo yao mpya tarehe 27 Aprili 2000, mabawa yamefunguliwa.

Jina lake linatokana na umbo. Nyuma ya kichwa ana manyoya marefu meusi, utafikiri karani wa zamani aliyechomeka kalamu sikioni. Miguu ni mirefu sana, na mapaja yana manyoya meusi kama kaptula. Haishi katikati ya mchanga mtupu wala msituni. Anapenda nyika kavu yenye majani mafupi na miti ya miiba, na kiota anakiweka juu ya mti huo wa miiba. Anaweza kuruka, lakini siku nzima anatembea tu, ndiyo maana ya "tamba". Akikuta nyoka hamdonoi kwanza, anampiga mateke ya kichwa mpaka amlegeze. Anakula pia nzige na panya. Kwa mkulima, ndege kama huyo ni askari asiyedai mshahara!

Sasa mambo yanayotuuma. Huyu ndege mwenye heshima zote hizo, mwaka 2020 wataalamu walimwandika kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nyika inalimwa, inachomwa, na watu wanaongezeka. Na nchi ya Sudani yenyewe iliingia vitani tarehe 15 Aprili 2023, mamilioni wakakimbia kama sisi. Ndege wa kwenye nembo hakuwazuia wenye bunduki, wala nembo haikumsaidia ndege.

Watoto hawajawahi kumwona karani tamba, kwa hiyo tukawaletea mfano wa karibu: korongo mwenye taji, yule ambaye Warundi na Wanyarwanda wanamwita umusambi. Uganda ilimweka kwenye bendera yake ya uhuru 1962, ameinua mguu mmoja. Yeye ni wa mabwawani, si wa nchi kavu, lakini hadithi yao ni moja, na ya kwake inasikitisha zaidi, kwa kuwa anaumizwa na wanaompenda. Kule Rwanda watu walikuwa wanakamata makinda na kuyafuga kwenye nyua za nyumba na hoteli, eti ni urembo na dalili ya utajiri. Ili asiruke wanamkata manyoya ya bawa, wengine wanalivunja kabisa. Kuanzia 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na wenzake waliwaomba watu wawatoe. Makorongo zaidi ya 200 yalitolewa, mengi yakapelekwa mbuga ya Akagera kurudi porini. Yale yaliyovunjika mabawa hayakuweza, yakatafutiwa makao yake Kigali, panaitwa Umusambi Village.

Hapo darasa lilinyamaza. Halafu binti mmoja akauliza kama yale makorongo ya Kigali yanajua kwamba kwao kuko wapi. Hatukuwa na jibu, tukamwambia aandike swali lake kwenye daftari.

Wazazi wengine walitulalamikia: watoto hawajui hesabu vizuri, nyinyi mnawafundisha ndege! Mna haki yenu. Hesabu tumeongeza saa moja siku ya Jumamosi. Ila na sisi tunawaomba jambo: hao vijana wanaozunguka na manati asubuhi mpaka jioni ni wa kwenu, na huu ni wakati ndege wanalea makinda. Tumetenga kisanduku darasani cha kuwekea manati. Mpaka leo zimo tatu, na moja mwenyewe amekuja kuichukua tena.