Pumzi za Kompyuta ya Mezani

Je, wajua kwamba takriban umeme wote uingiao katika kompyuta ya mezani hutoka tena humo kwa sura ya joto? Hesabu zipigwazo, picha zichorwazo na michezo ichezwayo hazibakizi ndani ya kasha akiba yoyote ya nishati. Kilichoingia kwa waya hakina budi kuondoka kwa hewa, na hewa isipopewa njia, joto hukaa pale pale lilipozaliwa, likazidi na kuzidi, hata prosesa, ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hujipunguzia mwendo ili kuihami nafsi yake, na mwenye mashine akabaki kuzilaumu programu zisizo na hatia.

Prosesa za zamani hazikuijua taabu hii. Ile ya Intel 8086, iliyotoka mwaka 1978, ilitosheka na wati chache tu, ikakaa juu ya ubao wake pasipo feni wala bati la kupozea. Pentium 4 ya mwaka 2004 ilifikia wati 115. Core i9-13900K ya mwaka 2022 yaweza kufika 253 ikisukumwa hadi kikomo chake. Na kadi ya picha ya GeForce RTX 4090, ya mwaka huo huo, hudai 450 peke yake.

Hewa nayo ni mchukuzi dhaifu. Mita moja ya ujazo ya hewa, kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, hubeba jouli 1,200 hivi na si zaidi. Kwa hiyo kasha lenye kutoa wati 400, ikiwa twataka hewa itokayo isiishinde iingiayo kwa zaidi ya nyuzi 10, lahitaji kupitisha lita 33 hivi kila sekunde, yaani mita 2 za ujazo kwa dakika, kupitia matundu ambayo aghalabu yamezibwa nusu yake kwa vumbi au kwa urembo.

Msomaji wa Tanga au Mombasa na azingatie neno moja: feni haizai baridi, bali hubadilisha hewa tu. Chumba kikiwa na nyuzi 32, hapana feni iwezayo kuishusha prosesa chini ya 32, na mtu wa nchi ya baridi, ambaye chumba chake kina nyuzi 20, ametangulizwa nyuzi 12 kabla hata ya kuiwasha mashine yake. Maadamu hatuwezi kuibadili hali ya hewa ya mwambao, lililobaki mikononi mwetu ni kuinyoosha njia ya upepo, na hapa ndipo wengi wakoseapo, kwani hununua feni ya tatu na ya nne ilhali hawakujiuliza hewa yaingilia wapi na kutokea wapi. Wajenzi wa nyumba za kale za pwani walilifahamu jambo hili: dirisha lipokealo upepo halifai kitu ikiwa upande wa pili hapana tundu la kuutolea.

Desturi iliyo njema ni hewa kuingia kwa mbele, ikapita juu ya kadi ya picha na prosesa, ikatoka kwa nyuma na kwa juu upande wa nyuma. Wako washikiliao kwamba hewa ya moto hupanda yenyewe; wasema kweli, lakini nguvu ya kupanda huko ni haba mno mbele ya feni, hata ile iendayo polepole, na feni ya kutolea iliyowekwa juu karibu na mbele huinyakua hewa mpya kabla haijafanya kazi. Upande wa feni wenye mikono ishikayo mota ndio utoao upepo. Aliyeigeuza kwa bahati mbaya ameziweka feni zake zishindane. Tena, feni ikizidishiwa mwendo mara mbili hutoa hewa mara mbili, lakini hula nguvu mara nane na kupiga kelele nyingi. Basi feni mbili kubwa za milimita 120 ziendazo taratibu zina heri kuliko moja ndogo ipigayo mayowe.

Ama makasha yenye kioo kitupu mbele, mimi siyapendi, na taa zake za rangi hazipozi kitu. Uso wa wavu wenye chujio ni bora. Hewa iingiayo ikizidi kidogo ile itolewayo, vumbi hukosa nafasi ya kujipenyeza katika nyufa, nalo hunaswa katika chujio, mahali paoshekapo.

Kama washuku kasha lako, lifungue ubavu mmoja mashine ikiwa inafanya kazi nzito, utazame vipimo vya joto: vikishuka sana, ujue kasha halipumui. Lakini usiliache wazi daima, hasa karibu na bahari, ambako unyevu na chumvi hula vyuma.

Nakusihi basi, kabla hujatoa fedha yako dukani, izime mashine, chomoa waya, fagia vumbi kwa brashi laini huku umezishika feni zisizunguke, kisha uitoe katika kabati na kuisogeza mbali na ukuta.